Colère ya Mama Kadidja na Sombe Isiyo na Mafuta

Siku zile mji ulipokuwa bado unaitwa Stanleyville, mwili mnene ulikuwa cheti kisichohitaji mhuri. Mtu akipita na mikunjo shingoni, watu walimsalimia kwanza, jina wakauliza baadaye. Na katika barabara yote ya kaskazini, kuanzia daraja la Tshopo mpaka kivuko cha Aruwimi kule Banalia, hapakuwa na mwili uliosalimiwa kama wa Mama Kadidja, mke wa Papa Yakubu mwenye biashara ya mchele. Akikaa kwenye benchi, wenzake walisimama. Si kwa heshima tu. Benchi lenyewe liliwainua.

Hemedi, fundi wa kushona nguo katika mtaa wa Waislamu wa Kabondo, humo mjini, alimwoa binti wa mama huyo. Hata leo, kichwa chake kikiwa cheupe kama pamba ya Uele, ukimwomba akusimulie habari za uhuru na za uasi, haanzi na bunduki. Anaanza na colère.

Mwaka mmoja kabla ya uhuru, Mama Kadidja alikuja mjini kupimwa. Magoti yalikuwa yanalia, na pumzi ilikuwa ikimfuata kwa nyuma kama mbwa mzee. Mizani ya hospitali ilikwenda mpaka mwisho wake, ikagonga chuma, ikakataa kusema zaidi. Ikabidi apelekwe kwenye bascule ya depo ya mchele, ile ya kupimia magunia. Mwanamke mwingine angeona haya. Yeye alirudi akitangaza njia nzima kwamba mizani ya watu haimuwezi.

Daktari, Mbelgiji mwenye masharubu mekundu, aliangalia majibu ya damu, akatikisa kichwa, akasema kwa Kifaransa kwamba kuna cholestérol nyingi mno. Maana yake, mafuta yamejaa kwenye damu. Lakini Kifaransa cha Mama Kadidja kilikuwa maneno ya kuokota kwenye uzio wa Mzungu wa pamba, jirani yao kule Banalia: bonjour, pardon, na lile neno ambalo mpishi wa Mzungu alikuwa akiwaonya nalo wenzake wa jikoni, kwamba leo madame iko na colère. Akasikia alichokijua. Alipotoka nje akawaambia waliomsindikiza kuwa damu yake imejaa hasira. Docteur ameiona kwa macho yake, ndani ya chupa.

Daktari alikuwa ameongeza, kwa Kiswahili chake cha kupasulia kuni, kwamba dawa ni majani: matembele, bitekuteku, sombe, na yote yapikwe bila mafuta. Hapo Mama Kadidja alinuna. Majani ya viazi, ya mchicha na ya muhogo ni mboga, hilo hakubisha. Lakini sombe isiyo na mawese, ile isiyong'aa nyekundu juu ya sufuria, kwake ilikuwa chakula cha mbuzi aliyepotea njia. Akatupa dawa, akabaki na ugonjwa, na ugonjwa akautumia vizuri. Tangu siku hiyo hakuna aliyemkatalia jambo. Papa Yakubu akitaka kubishana, watoto walimvuta kanzu, wakimnong'oneza kwamba aache, ni damu ile.

Uhuru ukaja, dipanda kama watu walivyouita. Watu walidhani baada ya dipanda kila mtu atagawiwa kitambi chake. Wengi wakasubiri, wakachoka, wakaoa. Hemedi alimwoa Aziza miaka mitatu baadaye.

Aziza alikuwa mwembamba tangu kuzaliwa. Mtaa mzima ulisema fundi ameoa uzi, aangalie asije akautunga kwenye mashini. Haikuwa njaa. Alikula vizuri, ila mafuta yalimchefua, na matembele aliyala hata bila kualikwa. Chakula kiliingia, kikapotea humo ndani kama mgeni aliyeingia msikitini kwa mlango mmoja na kutoka kwa mwingine. Mume aliridhika naye hivyohivyo. Tatizo lilikuwa Banalia.

Kwa watu wa kule, binti akiolewa, mwili wake ndio salamu anazowapelekea wazazi. Akinenepa, mume anatunza. Akikonda, mama yake ana haki ya kuja, amshike mkono, amrudishe nyumbani kupumzika, na mapumziko ya namna hiyo hayana siku ya mwisho. Hakuna binti anayeukataa mkono wa mama yake. Basi madereva wa malori wakapeleka Banalia maneno yao, kwamba mtoto wa Mama Kadidja, ukimtazama kwa ubavuni, humwoni.

Julai ya mwaka sitini na nne, lori la mchele likasimama mbele ya kibaraza cha Hemedi. Mama Kadidja akashuka, lori likainuka. Hakukaa, hakunywa maji. Alimshika Aziza mkono juu ya kiwiko, kwa vidole viwili, kama anayepima kuku sokoni, kisha akamgeukia mkwewe.

"Mukwe, nilikupatia mutoto," akasema. "Unanionyesha mufupa."

Hemedi akatazama chini. Mkwe hamjibu mama mkwe, hamtazami usoni, hapiti karibu naye, na kumgusa ndiyo kabisa usiseme. Kwa hiyo hukumu ilitoka bila utetezi: lori likimaliza kupakua na kupakia, Mama Kadidja anarudi Banalia, na Aziza anarudi naye.

Jikoni, Aziza alisema polepole, akimenya ndizi bila kuzitazama, "Mimi sitaki kwenda. Lakini mama akinishika mukono, nitafanya nini?"

Jibu la Hemedi lilikuwa mawese. Siku zile chache akataka mkewe anenepeshwe mbiombio: lituma ya ndizi iliyopondwa na mafuta, wali wa mafuta, mbuzi wa mafuta. Aziza akatapika. Aliyenenepa ni Mama Kadidja.

Kisha, kabla lori halijaondoka, mwezi wa nane uliingia na waasi wakaingia nao, wale walioitwa Simba, na kofia zao za manyoya na dawa zao za kuzuia risasi. Lori likachukuliwa na dereva wake ndani. Kwenye daraja la Tshopo wakafunga kamba, wakasimama vijana wenye mikuki, na mtu hakuvuka tena kwenda Banalia, hata awe amebeba maiti.

Zilikuwa siku za hofu, na Hemedi hazifanyii mzaha. Kuna jirani alichukuliwa asubuhi, akiwa na kikombe mkononi. Kikombe kilirudishwa, yeye hakurudi. Mji mzima uliomba Mungu njia zifunguke. Hemedi naye aliomba, ila kwa sauti ndogo, kama anayemwita mbwa huku hataki aje. Maana njia ikifunguka, Aziza anakwenda.

Njaa haikukawia. Mapipa ya mawese yalibebwa depo kwa depo. Mbuzi walikamatwa. Wafanyabiashara waliokuwa wakiuza sukari na mkate walifunga, wengine walikimbia. Kilichobaki ni kile ambacho hakuna mwenye bunduki anayekitaka: majani. Na bingwa wa majani alikuwa jirani yao Germaine, mke wa mvuvi, mzaliwa wa Yanonge, mwanamke wa ulimi mkali na mkono wazi. Nyuma ya nyumba yake alikuwa na muhogo, na matembele yalitambaa kando ya mfereji mpaka kwa Hemedi bila kuomba ruhusa. Chumvi ilipokwisha, Germaine aliwaonyesha walivyofanya watu wa mto tangu zamani: kuchoma majani ya majini, kuchuja majivu yake, na kuchemsha maji yale mpaka yaache kitu cheupe, chungu kidogo, chini ya sufuria.

Siku ya kwanza sombe ilipotengwa bila mafuta, kijani kibichi, imelala kwenye sahani kama nyasi iliyofiwa, Mama Kadidja aliitazama muda mrefu. Akakumbusha wote waliokaa mkekani kwamba damu yake iko na colère, kwamba docteur aliiona, na kwamba mtu akifa hapa leo, isije ikasemwa hawakuonywa. Aziza akainamisha kichwa. Hemedi, aliyekuwa akila peke yake mlangoni kwa adabu, akasogea mlangoni zaidi.

Ni Germaine aliyejibu, maana Germaine hakuwa mkwe wa mtu pale, na sombe yeye aliiita pondu.

"Colère kula nayo, mama," akasema. "Pondu iko mingi, itawatosha wote wawili."

Mama Kadidja hakula. Kesho yake alikula kidogo. Keshokutwa aliuliza kama kuna nyingine.

Basi ikawa hivyo. Asubuhi matembele, mchana sombe, siku nyingine bitekuteku na pilipili, siku ya bahati samaki mdogo aliyeponyoka mikononi mwa vijana wa mikuki na kuangukia kwa mume wa Germaine. Na jicho la fundi, ambalo hata kwenye hofu halifumbi, likaanza kuona kitu. Libaya ya Mama Kadidja, ile blauzi ya kikwembe, kitenge cha kule, yenye mikono ya kuvimba, iliyokuwa imembana kama ganda la ndizi, ilikuwa inaanza kuteleza begani.

Hemedi akaingiwa na baridi. Akajionea mwenyewe siku ya kufunguka njia: mama anasimama mbele ya watu, mkono wake mmoja ukiwa mwembamba na wa binti yake mwembamba, na anasema, tazameni nyumba hii inavyokula watu. Nani atamtetea? Alikuwa na kesi ya mfupa mmoja, sasa ilikuwa inaiva kesi ya mifupa miwili.

Akaamua kuzificha kilo zile zilizopotea kimyakimya, hata mwenyewe asijue zimekwenda.

Pasi ya makaa ilikuwa kwake, na nguo zote za nyumba zilipita mezani pake. Kila libaya ikifuliwa, kabla ya pasi, Hemedi aliigeuza ndani nje, akaingiza mshono kidogo ubavuni, kidogo begani, akaipiga pasi, akairudisha. Kumpima hakuweza, utepe wa fundi kiunoni mwa mama mkwe, afadhali mkuki wa Simba. Alipima kwa jicho, mama akipita uani, naye akijifanya anatafuta sindano. Hakuikata nguo hata mara moja. Aliikunja tu na kuifungia ndani, maana kitambaa ni kitambaa, na vita vina mwisho.

Kioo kirefu cha dukani hakikuwa shida. Kamanda mmoja alikuwa amejiona humo siku ya kwanza, akapendezwa, akaondoka nacho. Vikwembe vya kujifunga ndivyo vilivyomtia jasho, kwa kuwa kikwembe hakina mshono wa kukunja. Kinazunguka mwili, na siku hizo kilikuwa kinazunguka mpaka kinakutana na kilikotoka. Mama Kadidja akashangaa. Hemedi, akiongea na ukuta kwa adabu, akaeleza kwamba vitambaa vya siku hizi vikioshwa kwa majivu vinarefuka, ndiyo maana wafanyabiashara walikimbia. Mama akakubali. Tangu dipanda, akasema, hakuna kitu kinachokaa kwenye kipimo chake.

Na kwa kuwa libaya zilimkaa vilevile, alianza kumcheka daktari. Majani anakula asubuhi mpaka jioni, na nguo ni ileile. Wazungu walikuwa wanadanganya mpaka kwenye mboga.

Germaine, aliyejua yote, alikuwa akipita kibarazani na kikapu kichwani, akimwuliza Hemedi kwa Kilingala cha mzaha kama bokilo wake, yaani mkwewe yule, bado yuko mzima au amemmaliza kwa kumshona. Aziza alicheka akiwa ameuma ncha ya kitambaa. Lakini akiwa na mumewe tu alisema, "Siku akijua, si mukono tu atanishika. Atanishika yote."

Yapo mambo ambayo fundi hakuweza kuyakunja. Mama Kadidja alianza kwenda kisimani mwenyewe. Kwanza na Aziza, baadaye akimtangulia. Magoti yalinyamaza. Koromo lake, ambalo ukuta wa udongo ulikuwa umelizoea, lilipungua mpaka Hemedi akawa anaamka kusikiliza kama mama wa watu yu hai. Na hasira, ile iliyoonekana kwenye chupa, ilikuwa inakuja kwa kuchelewa, halafu inakuja nusu, halafu inasahau kuja. Sahani ilivunjika, akasema sahani huvunjika. Mvua ilinyeshea unga wa muhogo, akasema basi tutakula uji.

Jioni kabla giza halijashika, wanawake watatu walisimama kwenye kinu kimoja wakitwanga sombe kwa zamu, mchi mmoja ukipanda mwingine ukishuka, na Mama Kadidja aliwasimulia alivyokuwa msichana Banalia, mwembamba, ndiyo, mwembamba kama huyu Aziza, akivuka mitumbwi iliyofungwa pamoja bila kulowa mguu. Hakuna aliyejua kuwa aliwahi kuwa msichana. Mbali, upande wa mto, risasi ilisikika, michi ikasimama, wakasikiliza, kisha ukaanza mmoja, na mwingine ukaufuata. Harufu ya majani yaliyopondwa ilijaa ua mzima. Hemedi alikaa dukani akishona nguo zisizo na wateja, akajikuta, astaghafiru, mwenye furaha. Mji unalia, na yeye ana furaha. Hilo hakumwambia mtu kwa miaka mingi.

Mwezi wa kumi na moja ndege zilikuja, zikamwaga askari kutoka mbinguni, na kwa siku kadhaa watu walilala chini ya vitanda badala ya juu yake. Simba wakaondoka mjini. Waliozikwa walizikwa. Njia ya Banalia ilikuwa bado haijafunguliwa, lakini sasa ilikuwa inatajwa, na kila ilipotajwa Hemedi alichomwa na sindano yake mwenyewe.

Asubuhi moja Mama Kadidja alikuwa kwenye kinu. Aliinua mchi, akaushusha, na ndani ya sombe kikalia kitu, kling, kama kengele ya baiskeli. Akatia mkono kwenye majani, akatoa bangili yake ya fedha.

Bangili ile Papa Yakubu alimvisha siku ya harusi. Tangu Aziza azaliwe ilikuwa haijasogea. Nyama ilikuwa imeifunika kama mti unavyomeza waya. Mama Kadidja akaifuta kwa kikwembe, akaivaa, akainamisha mkono. Ikashuka. Akainua mkono. Ikapanda mpaka kiwikoni. Akafanya hivyo mara nyingine, halafu akaingia ndani. Nguo hudanganya, fedha haijui.

Aliyeitwa ni Hemedi. Alikaa kizingitini, ubavu, macho nje. Mbele yake Mama Kadidja alikuwa ametandika libaya yake, ndani nje, na mapindo yote yalikuwa wazi, mshono juu ya mshono, kila juma limelala mgongoni mwa jingine. Aziza alisimama jikoni na mwiko mkononi. Germaine alikuwa ameshatua kikapu chake chini.

"Fundi," Mama Kadidja akasema. "Ulipeleka wapi mwili yangu?"

"Sikuikata, Mama. Iko yote humo ndani."

"Juu ya nini ulinificha?"

"Niliogopa utamuchukua Aziza."

Hapo wakasubiri. Hata kuku walikuwa kama wamepata habari. Mama Kadidja alikuwa ameweka kiganja kifuani, kichwa kimeinama upande, kama mtu anayesikia lori kwa mbali na hajui kama linakuja huku. Walimsubiri naye alisubiri.

"Ingekuwa imeshafika," akasema mwishowe, na sauti yake ilikuwa ya mshangao tu. "Ile colère. Niko naingojea, haikuyi."

Akakunja libaya taratibu. Akasema kwamba mtu asiye na hasira hawezi kukata kesi. Papa Yakubu atakuja, yeye ndiye baba, yeye ataamua. Kisha akarudi kwenye kinu.

Juma lile alikwenda hospitali kwa miguu. Daktari wa masharubu mekundu hakuwapo tena, maabara ilikuwa imevunjwa vioo, lakini mizani ilikuwapo. Mshale ulipanda, ukasimama wenyewe kabla ya kufika mwisho. Muuguzi mzee aliyemkumbuka alijaribu kumweleza kwamba ile haikuwa colère, mama, ni cholestérol, mafuta ya damu, na kwamba majani yasiyo na mafuta huenda ndiyo yaliyoisafisha, ingawa bila maabara hawezi kuapa. Mama Kadidja akamsikiliza kwa upole. Mafuta au hasira, akamwambia, vyote vilikuwa vinachemka kwenye sufuria moja.

Njia ya Banalia ikafunguliwa. Habari zilipokuja kwamba malori yanafika na askari wa kuyalinda, wote walishuka darajani. Tshopo ilikuwa imejaa, inanguruma chini ya mbao, na watu walikuwa wengi, kila mmoja akitafuta uso wake. Papa Yakubu alishuka kwenye lori la pili. Miezi yote ile alikuwa amejificha kijijini kwa ndugu wenye michikichi, na mawese hayakumkosa. Kanzu ilimkaa kama foronya kwenye mto. Alimpita mkewe. Alimpita karibu, kikwembe kikamgusa, akaendelea, macho yakitafuta juu ya vichwa ule mwili ambao hakuna umati ungeweza kuuficha. Akamwona Hemedi. Akamwona Aziza. Akatazama nyuma yao, hakuona kitu, uso ukamwanguka.

"Mama iko wapi?" akauliza, na sauti ilikuwa imeshavaa msiba.

Hemedi akainua mkono kumwonyesha.

"Bonjour," ikasema sauti nyuma ya mzee. "Pardon."

Papa Yakubu aligeuka. Ilimchukua muda. Kwanza aliitambua bangili, kisha meno, kisha wote. Machozi yakamtoka, akayafuta kwa mkono wa kanzu, na yalipokauka ikaja hasira, kama inavyokuja kwa mtu aliyeogopa mno. Alimwambia Hemedi mbele ya watu kwamba wakwe wengine wanaharibu mtoto, yeye ameharibu mtoto na mama. "Nilikuachia muke muzima, unanirudishia nusu," akasema. "Leo nawabeba wote wawili." Na akaunyoosha mkono kuelekea kwa Aziza.

Hemedi aliutazama ule mkono. Alikuwa ameshona miezi yote hiyo kwa kuuogopa, na sasa ulikuwa unakuja bila mshono wa kuuzuia. Aziza hakurudi nyuma. Binti harudi nyuma.

Mama Kadidja hakubishana. Aliinama, akachukua furushi la mumewe, mchele na nguo, akaliweka kichwani, akaanza kupanda mlima unaotoka darajani kuelekea mjini. Wakamfuata, wangefanya nini. Alipanda bila kusimama, bangili ikicheza mkononi, na nyuma yake Papa Yakubu alisimama, akaendelea, akasimama, akashika magoti. Alipofika juu, pumzi ikiwa bado iko njiani, mkewe alikuwa anamngoja, furushi kichwani, hata jasho halijamtoka sana.

"Hii nusu inapanda mulima," akamwambia. "Ile nzima, ulikuwa unaisukuma."

Papa Yakubu alikuwa bado anahema, mkewe akatumia nafasi.

"Sikia vizuri. Aziza amekonda, unamurudisha kwa wazazi. Bon. Mimi pia nimekonda. Donc ndugu zangu wanitoe kwako?"

Mzee akawatazama Aziza na Hemedi, akitafuta wa kumvuta kanzu. Hapakuwa na haja. Hakuna aliyekuwa na colère pale isipokuwa yeye, na yake ilikuwa imechoka kwa mlima. Akafikiri, akaona shauri lote lilivyokunjwa, akaanza kucheka kidogokidogo kwa kifua kinachouma, na alipomaliza kucheka mkono wake ulikuwa umesharudi mfukoni. Akauliza nyumbani kuna nini cha kula. Aziza akamwambia. Akasema basi, Mungu ni mkubwa.

Siku ya kuondoka, Hemedi alimwambia ukuta kwamba, Mama akitaka, mapindo yote atayafungua, kitambaa kiko salama. Mama Kadidja alimwambia ukuta huohuo aache kama ilivyo. Akapanda lori. Lori halikushuka wala kuinuka. Aziza alibaki kibarazani, uzi ule ule, akipunga mkono mpaka vumbi lilipotua.

Mafuta yakarudi, sukari ikarudi, mji ukabadilishwa jina ukawa Kisangani. Mwaka mmoja baadaye libaya ilifika kutoka Banalia mikononi mwa dereva, pamoja na ujumbe wa mdomo: fundi afungue pindo moja, moja tu. Hemedi akafungua, akatabasamu. Banalia kulikuwa na amani na mawese. Mwaka wa sitini na saba bunduki zililia tena mjini, njia zikafungwa, na zilipofunguliwa libaya ikaja na ujumbe wa kurudisha pindo. Ikaendelea hivyo, ikienda na kurudi kwa malori, pindo likifunguliwa, pindo likifungwa. Hemedi hakuhitaji redio. Habari za nchi alizisoma ubavuni mwa nguo ile. Mshono ulishatobolewa mara nyingi mpaka kitambaa kikawa laini kama karatasi iliyolowa.

Safari ya mwisho libaya ililetwa bila ujumbe, baada ya arobaini ya Mama Kadidja. Papa Yakubu aliileta mwenyewe, imekunjwa, na bangili ndani yake kwa ajili ya Aziza. Hemedi aliigeuza ndani nje kwa mazoea. Mapindo aliyoyashona wakati wa Simba yalikuwa yote mahali pake, isipokuwa lile moja.

Sasa wajukuu wanapika sombe inayoelea kwenye mafuta, nyekundu kama jua la kuzama, na wanamshangaa babu anaposukuma sahani na kuomba achotewe ya chini, ambako mafuta hayajafika. Aziza ndiye anayemchotea. Mkono wake bado mwembamba, na bangili ameivaa juu kabisa, karibu na bega, ndipo inapokaa.